Lugha ya Serikali na Mtoto wa Darasa la Kwanza

Katika vyuo vyetu vya ualimu husemwa mara kwa mara kwamba lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali ni Kiswahili, na wanachuo huliandika jambo hilo katika madaftari yao kama neno lililokwisha kukatwa, lisilohitaji kufikiriwa tena. Nasi hatuna nia ya kulipinga. Tunalokusudia kulieleza ni kwamba uamuzi wa Serikali juu ya lugha haukamiliki siku unapotangazwa. Hukamilika, au huharibika, katika majuma ya mwanzo ya Darasa la Awali na Darasa la Kwanza, mbele ya mtoto ambaye nyumbani kwao husema lugha nyingine. Mwanachuo atakayepangiwa shule ya Mandawa wilayani Ruangwa (si Mandawa ile ya Kilwa), au ya vijiji jirani vya Nachingwea, hana budi kukutana na mtoto wa namna hiyo, na lugha ya mtoto huyo mara nyingi itakuwa Kimwera.

Historia ya siasa yetu ya lugha, au sera kama inavyoitwa siku hizi, inajulikana kwa wengi. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwezi Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli za Serikali. Mwaka huo huo likaundwa kwa sheria Baraza la Kiswahili la Taifa, na Kiswahili kikashika nafasi ya lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliyathibitisha hayo, na mwaka 2021 sheria ikarekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kijana wa leo aliyezaliwa katika hali hiyo hudhani kwamba mambo hayawezi kuwa vingine. Kumbe yangaliweza kuwa vingine kabisa, na ili kuliona hilo vema yafaa tutazame nchi nyingine iliyokabiliwa na swali lilo hilo.

Nchi yenyewe ni India. Katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1950 iliamua kwamba lugha rasmi ya Muungano wa India iwe Kihindi, yaani Hindi, kinachoandikwa kwa hati ya Devanagari. Kiingereza kiliruhusiwa kuendelea kwa miaka 15 tu, hata tarehe 26 Januari 1965. Nia ya wale walioandika Katiba ilikuwa njema, tena ilifanana sana na nia ya viongozi wetu: taifa lililojikomboa lisiendelee kujitawala kwa lugha ya mtawala wake wa zamani. Lakini Kihindi kilikuwa lugha ya mamilioni ya watu wa kaskazini, ambao waliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Kusini watu husema Kitamil, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam, lugha za ukoo mwingine kabisa, na Kitamil kina maandiko ya kale ambayo wenyewe huyaonea fahari. Wanafunzi wa Madras wakauliza: kwa nini mwenzetu wa kaskazini afanye mtihani wa kazi za Serikali kwa lugha ya mama yake, nasi tuufanye kwa lugha ya kuazima?

Siku ile ya Januari 1965 ilipowadia, ghasia zikazuka katika jimbo la Madras. Wapo waliojichoma moto kwa ajili ya lugha yao, na wengine wengi walikufa katika mapambano na polisi. Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alilazimika kuwaahidi wananchi kwamba Kiingereza hakitaondolewa bila ridhaa yao, na mwaka 1967 sheria ya lugha rasmi ikarekebishwa ili ahadi hiyo iwe na nguvu. Mwaka huo huo chama kilichokuwa kikitawala jimboni Madras kiliangushwa katika uchaguzi. Mwaka 1968 Serikali Kuu ilileta mpango wa kila mwanafunzi kujifunza lugha tatu. Jimbo hilo, ambalo sasa linaitwa Tamil Nadu, liliukataa, likabaki na lugha mbili mpaka hivi leo.

Tumekaa kidogo katika habari hiyo kwa sababu ina funzo kwa mwalimu zaidi ya kwa mwanasiasa. Kihindi hakikupungukiwa na sarufi wala na kamusi, wala Serikali ya India haikupungukiwa na sheria. Kilichokosekana ni usawa mahali pa kuanzia mbio: mmoja aliwekwa katikati ya njia, mwenziwe akaambiwa aanzie nyuma, kisha wote wawili wakapimwa kwa saa moja.

Sisi tulikuwa na bahati ambayo India haikuwa nayo. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120, na hakuna kabila kubwa linaloweza kudai kwamba Kiswahili ni chake peke yake. Wasukuma, walio wengi kuliko makabila yote, iliwapasa kujifunza Kiswahili kama walivyojifunza Wamwera walio wachache. Misafara ya biashara kutoka Kilwa na Lindi ilikwisha kukipeleka Kiswahili bara kabla ya utawala wa Wajerumani, Wajerumani wakakitumia kwa maakida na maliwali wao, na TANU ikakitumia kudai uhuru. Zaidi ya hayo, lugha zetu nyingi ni za Kibantu, na Mmwera ajifunzaye Kiswahili hukuta ngeli, viambishi na mizizi mingi ambayo sikio lake linaifahamu. Mtamil ajifunzaye Kihindi hana msaada wa namna hiyo.

Lakini usawa huo ni usawa wa makabila. Si usawa wa watoto. Mtoto wa Lindi mjini huingia darasani na Kiswahili alichochezea tangu utotoni. Mtoto aliyelelewa na bibi yake shambani Mandawa, katikati ya mikorosho na ufuta, huingia na Kimwera. Wote wawili hupewa kitabu kile kile. Swali la wanafunzi wa Madras, basi, lipo hata kwetu; ila kwetu linaulizwa na mtoto wa miaka sita au saba, ambaye hawezi kuandamana, na namna yake ya kuuliza ni kunyamaza.

Tuseme wazi kwamba si kila mtoto wa Mandawa yuko katika hali hiyo. Tangu watu walipokusanywa katika vijiji katika miaka ya 1970, Wamwera, Wayao, Wamakonde na Wamakua wamekuwa majirani na wamekuwa wakioana, na kila walipochanganyika Kiswahili kimepata nguvu. Karibu na barabara na katika vijiji vya soko, wako wazazi wanaosema Kiswahili na watoto wao tangu mwanzo, na wako vijana wasioweza tena kumsalimu babu yao kwa Kimwera sawasawa. Ndiyo kusema kwamba katika darasa moja mwalimu aweza kuwa na watoto wanaofahamu kila asemalo, na wengine wanaofahamu nusu, na wengine ambao sauti yake kwao ni kelele tu. Asiyechunguza atawafundisha wale wa kwanza, na kuwahesabu wa mwisho kuwa wajinga.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto asiyejibu si lazima awe hajui jibu. Muulize jina la kitu cha kutwangia, anyamaze. Mwonyeshe kinu na mchi, atakuonyesha namna ya kutwanga kuliko unavyojua wewe mwenyewe. Lakini mwalimu aliyekwisha kuandika katika kumbukumbu zake kwamba mtoto huyo ni mzito wa akili, atamketisha nyuma, hatamwuliza tena, na mwisho wa mwaka mtoto atathibitisha yale yaliyoandikwa. Mzazi ataambiwa kuwa mwanawe hana kichwa cha shule, naye atampeleka shambani kulinda ndege. Kwa njia hiyo, lugha tuliyoichagua ili ituunganishe humtoa mtu nje kabla hajaingia.

Wako walimu wanaodhani dawa yake ni kuipiga marufuku lugha ya nyumbani. Mtoto akisema neno la kikabila huvishwa kibao shingoni, au huchapwa, au hutozwa kazi ya kuzoa taka. Desturi hiyo ni ya kale na haikubuniwa na Mwafrika. Katika shule za kikoloni za Kenya watoto waliadhibiwa vivyo hivyo kwa kusema Kikikuyu, ili wakijue Kiingereza. Ni ajabu kwamba fimbo ile ile imeokotwa, ikapakwa rangi nyingine, ikawa fimbo ya Kiswahili. Mtoto hajifunzi lugha kwa kuogopa nyingine. Anachojifunza ni kufunga mdomo.

Wako na wengine, wachache, wanaokwenda upande wa pili: kwa kuwahurumia watoto, hufundisha kwa Kimwera mwaka mzima, na Kiswahili hukiweka ubaoni tu kama picha ya kunakiliwa. Huruma hiyo ina madhara yake. Mtihani wa Taifa wa Darasa la Nne hautamhurumia mtoto huyo, wala zahanati, wala mahakama. Mzazi alimleta shuleni apate lugha ya kumtoa kijijini akitaka, na ya kumrudisha akitaka, tusimnyime.

Njia tunayoipendekeza iko katikati, nayo ni ya kazi nyingi. Kwanza, mazungumzo yatangulie maandishi. Mwongozo wa mwalimu hushauri hivyo, lakini mwalimu mwenye haraka ya kumaliza muhtasari huruka. Katika majuma ya mwanzo mtoto asikie maagizo mafupi yanayofuatana na matendo: simama, keti, njoo, lete jiwe, weka jiwe juu ya meza. Mwalimu aseme na kutenda, watoto watende, kisha watoto waseme. Zana zitoke kijijini: punje za mbaazi, ufuta katika ungo, korosho, kamba, jembe. Vitabu vyetu vina picha za meli na treni. Meli na iwe. Ama treni, reli ya Nachingwea iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wao wa karanga iling'olewa zamani, na mtoto huiona treni kama tunavyoiona sisi nyota. Tukiwa bado katika karanga, mpango ule ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 ulichorwa London na watu ambao hawakuuchunguza vya kutosha udongo na mvua za Nachingwea na Kongwa. Andalio la somo lisilouliza watoto wamekuja na lugha gani lina kasoro iyo hiyo.

Pili, Kimwera kitumike kama daraja. Neno likiwashinda watoto hata baada ya kitendo na picha, lisemwe mara moja kwa lugha yao, kisha lirudiwe kwa Kiswahili mara nyingi. Mtoto anayeweza kusimulia hadithi kwa Kimwera tu, aruhusiwe aisimulie; darasa zima liisimulie tena kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, mwalimu akiongoza. Somo la namna hiyo hufundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: watoto hujifunza maneno, na aliyesimulia hujua kwamba alichotoka nacho nyumbani kina thamani.

Katika hesabu pia kuna hazina ambayo haijatumika. Katika Kiyao cha asili, ambacho wasemaji wake wako wengi huko kusini, sita husemwa tano na moja, saba husemwa tano na mbili. Mtoto aliyesikia hesabu hiyo kwa wazee wake amekwisha kuanza kujumlisha kabla hajashika kalamu. Maneno sita, saba na tisa ya Kiswahili, yaliyotoka katika Kiarabu, hayamwambii kitu mpaka ayakariri. Mwalimu mwenye akili atayatumia yale ya kwanza kuyafafanua haya ya pili, kwa mawe matano upande mmoja na jiwe moja upande mwingine.

Tatu, mwalimu apambanue kosa la matamshi na kosa la kutofahamu. Watoto wengi wa kusini huchanganya l na r, na sauti za th, dh na gh haziwajii upesi. Mtoto anayeitazama karanga na kusoma "kalanga" amesoma. Kumkatiza hapo hapo, na darasa likacheka, ni kumwadhibu kwa kufaulu. Mwalimu alirudie neno sawasawa, bila kelele, na kuendelea. Baadaye, katika kipindi cha matamshi, achukue jozi za maneno kama kula na kura, mahali na mahari, awafundishe watoto kuzisikia tofauti zake kwanza, ndipo wazitamke, ndipo waziandike katika imla. Sikio hutangulia ulimi, na ulimi hutangulia mkono.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Litasemwa kwanza neno la ukabila. Lakini ukabila ni kumpendelea au kumbagua mtu kwa kabila lake. Kumfafanulia mtoto neno kwa lugha anayoifahamu, ili apate kuifahamu lugha ya wote, ni kinyume cha hayo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa, ikahimiza zitumiwe, zichunguzwe na kuhifadhiwa. Itasemwa pia kwamba mthibiti ubora, ambaye zamani tulimwita mkaguzi, akisikia Kimwera darasani ataandika taarifa mbaya. Yawezekana. Mwalimu amwonyeshe andalio lake, amwonyeshe na maendeleo ya watoto katika Kiswahili. Mthibiti mwenye ujuzi atatambua kati ya daraja na kambi.

Hoja nzito zaidi ni ya mwalimu mgeni. Serikali humpanga mwalimu popote, na hilo ni jema kwa umoja wa nchi. Basi Mhaya wa Bukoba aweza kujikuta Mandawa bila neno moja la Kimwera. Hatumtaki awe mtaalamu wa lugha hiyo. Tunataka ajue salamu, maneno ya heshima kwa wazee, na maneno hamsini au sitini ya darasani: sikiliza, ngoja, umefahamu, nani ameumia, nani hajala. Wanafunzi wa Darasa la Sita watamfundisha kwa furaha kubwa, na mwalimu anayejaribu kutamka neno geni mbele ya watoto, wakamcheka kidogo, amewapa ruhusa ya kujaribu Kiswahili mbele yake.

Tena jambo hili si geni duniani. UNESCO ilikwisha kushauri mwaka 1953 kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha ya nyumbani kwao. Huko Ife, Nigeria, katika miaka ya 1970, watoto walifundishwa kwa Kiyoruba darasa zote sita za msingi, na Kiingereza chao hakikudhoofika kwa sababu hiyo. Uganda iliingiza lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya mwanzo mwaka 2007. Sisi hatudai kwenda mbali hivyo. Vitabu vya Kimwera vya shule havipo, na gharama ya kuvichapa katika lugha zaidi ya mia moja si ndogo.

Liko neno moja lililobaki, nalo latuhusu sisi walimu tunaopenda kuilaumu Serikali. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakifahamu Kiingereza kiasi cha kufuata masomo yao. Tangu wakati huo tumeandika na kusema, na kwa haki, kwamba mtoto wa Kidato cha Kwanza anaonewa kwa kufundishwa ghafula katika lugha asiyoijua. Kama hoja hiyo ni kweli kwa kijana wa miaka kumi na minne aliyekwisha kujua kusoma, itakuwaje isiwe kweli kwa mtoto wa miaka sita asiyejua bado herufi a? Hatuwezi kuidai haki hiyo Dodoma na kuinyima Mandawa.

Kwa hiyo twaviomba vyuo vyetu vitenge vipindi vya kufundisha Kiswahili kama lugha ya pili, maana mpaka sasa wanachuo wengi huandaliwa kana kwamba kila mtoto wa Tanzania amezaliwa nacho. Twaiomba Wizara nayo iandike waziwazi katika mwongozo wa mwalimu wa Awali na Darasa la Kwanza kwamba kufafanua kwa lugha ya nyumbani si kosa, ili mwalimu mwaminifu asifanye kwa kujificha lile analolazimika kulifanya.

Nawe, ndugu mwanachuo, usingoje waraka. Utakapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, chukua daftari moja dogo. Katika juma la kwanza, andika majina ya watoto wasiosema darasani, kisha uwasikilize wakati wa mapumziko, chini ya mwembe, wanapocheza. Mtoto aliye bubu darasani na mwenye maneno mengi mchezoni, andika pembeni ya jina lake lugha anayoitumia. Anza kuyakusanya maneno yake, na Kiswahili chake mbele yake, na utakapoondoka liache daftari hilo kwa mwalimu wa darasa, maana mwakani atakuja mwanachuo mwingine.